Nani Kasema Anga la Kaskazini Lina Wenyewe?

Tangu tukiwa mwaka wa kwanza, mimi na wenzangu tunaweka akiba ya safari. Kila Jumamosi jioni tunakutana Port Bell, kwenye kibanda cha chapati kilicho karibu na reli inayoteremka bandarini, na kila mmoja anamkabidhi mweka hazina wetu shilingi elfu hamsini. Tunataka kwenda Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norwei, kutazama mianga inayocheza angani usiku. Hatuna shughuli nyingine huko. Hatuendi kusoma, hatuendi kutafuta kazi, wala hatuna ndugu wa kumtembelea. Tunakwenda kutazama, kisha turudi nyumbani.

Tulianza tukiwa kumi na wawili. Leo tumebaki sita. Waliotoka hawakutoka kwa sababu ya fedha, maana wawili kati yao wanapata kuliko mimi. Walitoka kwa sababu ya aibu. Walichoka kuchekwa. Katika mdahalo wa chama chetu cha Kiswahili mwenzetu mmoja alisimama, akatutaja kwa majina, akamalizia kwa methali, “Mwacha asili ni mtumwa.” Ukumbi ukapiga makofi. Hata mhadhiri aliyeketi mbele alitabasamu. Siku hiyo sikupata nafasi ya kujibu, basi ninajibu hapa.

Ninazikumbuka hoja nne zilizotolewa dhidi yetu. Nitazichukua moja baada ya nyingine.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Naomba tuulize kwanza mianga hiyo ni kitu gani. Jua hupuliza mchana na usiku chembe ndogo sana zenye umeme. Zikikaribia dunia hukutana na nguvu ya sumaku ya dunia yenyewe. Hapa kwetu, karibu na Ikweta, mistari ya sumaku hiyo imelala kama mikeka, kwa hiyo chembe hazina njia ya kushukia. Karibu na ncha za dunia mistari hiyo husimama na kuzama ardhini, nazo chembe huifuata na kugonga hewa iliyo juu sana, kilomita mia moja na zaidi kutoka tulipo. Hewa ikigongwa hung’aa. Oksijeni hutoa kijani, na juu zaidi hutoa nyekundu. Naitrojeni huongeza buluu na zambarau. Basi niambieni, katika jua, sumaku na oksijeni, ni kipi kilichozaliwa Ulaya?

Jua hilohilo linatugusa sisi pia. Linapochafuka, tabaka za juu za anga letu la Ikweta huchafuka nalo, hasa baada ya machweo, na mawimbi ya setilaiti yanayotuonyesha njia kwenye simu hupotoka. Tofauti ni kwamba kwetu hutokea bila rangi. Nchi hii ilirusha setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, Novemba 2022, iliyotengenezwa na wahandisi vijana wa Uganda wakiwa masomoni Japani. Tulishangilia siku ile. Taifa linaloshangilia setilaiti haliwezi kumcheka kijana anayetaka kuona kwa macho yake jinsi jua linavyolipiga anga ambamo setilaiti hiyo ilipita.

Tena, aliyesema “mambo ya Wazungu” hajui ni nani wanaoishi chini ya mianga hiyo. Kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na upande mmoja wa Urusi ni nchi ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa baridi na wavuvi. Serikali ya Norwei kwa miaka mingi iliwalazimisha watoto wao kusoma kwa Kinorwei na kukikana Kisami shuleni. Mwanafunzi wa Kiswahili nchini Uganda, anayejua namna lugha inavyoweza kudharauliwa, ana mengi ya kuzungumza na watu hao. Wasami wanaiita mianga hiyo guovssahas, na wazee wao walikataza watoto kuipigia mluzi usiku, isije ikashuka na kuwachukua. Nami bibi yangu, hapa Luzira, alinikataza kupiga mluzi usiku akisema ninaita nyoka. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za Tromsø. Lakini angeketi na bibi wa Kisami, wangeelewana kabla mkalimani hajafika.

Hoja ya pili ilikuwa, “Anzeni na kwenu.” Tuliambiwa kwamba ziwa letu lina taa zake za bure. Ni kweli. Anayeishi Port Bell anajua radi za usiku zinavyowaka mbali juu ya maji bila sauti, kana kwamba kuna mtu anawasha na kuzima kiberiti nyuma ya wingu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko ziwa. Upepo hutoka kila ufuko kwenda katikati, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kuwa mawingu ya ngurumo. Nimezitazama tangu utotoni. Lakini anayeniambia nizifanye kuwa utalii wangu amesahau walio chini yake. Chini ya taa hizo wapo wavuvi katika mitumbwi ya mbao, na mama yangu anauza mukene wanaowaleta asubuhi, kama wamerudi. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 wa shule moja ya msingi huko Kiryandongo katika tukio moja, wakiwa shuleni. Radi ya kwetu tunaitazama kwa hofu, na tuna haki ya kuiogopa. Binadamu anahitaji pia kuna siku atazame angani bila kuhesabu waliorudi.

Hata hivyo, tuseme nimekubali kuanza na kwetu. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa kabisa Pakwach, kaskazini mwa nchi hii. Giza lenyewe halikufika hata nusu dakika. Watu walitoka Kampala na walitoka nchi za mbali kwa sababu ya sekunde hizo chache, na Rais mwenyewe alikuwapo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi, sikupelekwa. Niliona jua lililoumwa upande mmoja katika beseni la maji hapa uani kwetu, nikalia kwa sababu nilijua kwamba kuna mahali, ndani ya nchi yangu, ambapo watu waliliona lote. Je, waliokwenda Pakwach waliitwa watumwa? La. Waliitwa watu wenye bahati.

Na mnaopenda neno “asili”, nendeni Biharwe, karibu na Mbarara. Pale pamesimamishwa mnara wa kumbukumbu ya jua kupatwa, tukio ambalo limewekewa mwaka 1520. Masimulizi ya Ankole yanaeleza kwamba jeshi la Bunyoro lilikuwa linarudi na ng’ombe wa kuteka, jua likazimika mchana, askari wakakimbia na kuwaacha ng’ombe. Wazee wetu walitazama juu, wakakumbuka walichokiona, wakakirithisha kwa karne tano bila kalamu. Kutazama anga ndiyo asili yetu. Anayetukataza kutazama ndiye aliyeiacha asili, na methali yake imrudie.

Nina swali moja zaidi kwa wenye hoja ya “anzeni na kwenu”. Mgeni akitua Entebbe kwenda kuwaona sokwe wa milimani Bwindi, analipa dola 800 za kibali pekee, mbali na gari, hoteli na bakshishi. Tunampokea kwa ngoma. Kuna Mganda gani aliyewahi kumwuliza kwa nini hakutazama kwanza wanyama wa kwao? Speke alikuja mpaka hapa kutafuta mto Naili unakoanzia. Akalifikia ziwa mwaka 1858, akalipa jina la malkia wake, ingawa lilikuwa na majina tayari. Hakuna aliyemwambia aanze na mto Thames. Bandari hii yenyewe inaitwa kwa jina la Hesketh Bell, gavana wa Kiingereza. Tunaishi katika majina ya watu waliotembea kuja kutazama, kisha sisi tukitaka kutembea tunaambiwa tukae. Sitaki kulipa kilima chochote cha Norwei jina langu. Nataka kukiona tu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami sitaipita kwa mzaha. Tuliambiwa kwamba ni anasa, watu wana njaa. Hesabu yetu ni hii: kila mmoja anahitaji kama shilingi milioni tisa. Humo mna tiketi ya ndege kutoka Entebbe hadi Oslo na kutoka Oslo hadi Tromsø, malazi ya siku nne kwenye vyumba vya pamoja, nguo za baridi za mtumba kutoka Owino, bima na ada ya viza. Milioni tisa si fedha ndogo. Kwa fedha hizo mvuvi angepata nyavu mpya na sehemu ya bei ya injini. Ninajua, kwa sababu ninaishi na watu wanaozihitaji nyavu hizo.

Nilipomwonyesha mama daftari la hesabu, alikaa kimya muda mrefu akichambua mukene. Nilitegemea atanifokea. Kisha akasema, “Mwanangu, kwanjula ya binamu yako ilikula zaidi ya hizi, na wote tulichanga. Hakuna aliyeuliza wenye njaa watakula nini.” Baadaye akaongeza, “Ila karo ya mdogo wako usiiguse.” Sijaigusa. Hilo ndilo sharti lake, nami nimelishika. Kuna Jumamosi nilizokuja kibandani mikono mitupu kwa sababu karo ilikuwa imedaiwa.

Ninasema hivi si kwa kudharau sherehe. Ninasema kwamba sisi sote, hata wenye kipato kidogo, hutumia fedha kwa mambo yasiyojaza tumbo, kwa sababu mtu si tumbo peke yake. Hununua suti ya kuhitimu, hulipa kiingilio cha mpira, huchangia ukumbi na keki ya ghorofa tatu. Kwa nini basi kiu ya kuona ndiyo iitwe anasa? Nina shaka kwamba hoja ya njaa haitolewi kwa ajili ya wenye njaa. Inatolewa kutukumbusha daraja letu: tajiri akishangaa dunia anaitwa mdadisi, maskini akiishangaa anaitwa mjinga. Mama yangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alikataa kunipima kwa kipimo hicho. Inasikitisha kwamba chuo kikuu kilikikubali.

Hoja ya nne ilitolewa kwa kicheko, lakini ndiyo iliyowatoa wenzetu sita, “Hata mkiwa na fedha, viza hamtapewa.” Nakiri kwamba wanaosema hivyo wana ushahidi. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima lazima ifike yuro 30,000. Lazima uonyeshe taarifa za benki, na lazima umridhishe afisa usiyemjua kwamba utarudi. Ndugu yangu mmoja aliomba kwenye ubalozi mmoja kwenda kutembea wiki moja. Alirudishiwa pasi yake na karatasi yenye vijisanduku, kimoja kimetiwa alama: nia yake ya kuondoka kabla ya viza kwisha haikuthibitika. Hakuna aliyemwuliza swali hata moja. Alikuwa ameandika kwamba anakwenda “kutembea”, na nadhani neno hilo lilitosha kumtia mashakani. Mtu wa Kampala anatembea kwa sababu gani?

Tuangalie historia ya safari za watu wetu kuelekea kaskazini. Mwaka 1896 Selim bin Abakari, mtu wa Komoro, alivuka Urusi hadi Siberia, na maelezo yake kwa Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten, Safari za Wasuaheli. Ni fahari ya lugha yetu. Lakini Selim alikwenda akimtumikia bwana wake Mjerumani. Mwaka 1902 Ham Mukasa alikwenda Uingereza akiwa katibu wa Katikiro Apolo Kagwa, walioalikwa kwenye kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Naye aliandika kitabu kizuri, lakini alikwenda kwa mwaliko wa wenye dola. Tangu hapo tumekwenda kama askari, wanafunzi, wauguzi, wafagiaji na wakimbizi. Daima kuna aliyetutuma, aliyetualika, au aliyetufukuza. Kwenda kwa hiari yetu, kwa sababu macho yanataka, ndiko kunakoonekana kuwa kosa. 

Na bado wapo waliothubutu. Tété-Michel Kpomassie wa Togo alisoma kitabu kuhusu Greenland akiwa kijana, akatoroka nyumbani, akafanya kazi nchi moja baada ya nyingine kwa miaka, akafika Greenland mwaka 1965. Hakutumwa na mtu. Watu wa kule walimpokea majumbani mwao, na kitabu alichokiandika kinasomwa hadi leo.

Kwa hiyo nawaambia wanaotucheka: kama ubalozi utatukataa, na utukatae wenyewe, kwa karatasi na mhuri. Ninyi mnaotuambia tusiombe mnaufanyia ubalozi kazi yake bila mshahara. Mmekaa mlangoni mwa nyumba isiyo yenu na kuwafukuza ndugu zenu kabla mwenye nyumba hajaamka. Hilo, wapenzi, ndilo ninaloliita utumwa. Kukataliwa na mwingine kunauma, lakini kujikataa wenyewe na kupiga makofi kunaua.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Mianga hii haina jina moja lililotulia katika lugha yetu. Wengine huandika “taa za kaskazini”, jina ambalo mimi nalikataa, maana taa huwashwa na mtu, na hii haikuwashwa na yeyote. Nimechagua “mianga ya kaskazini”, ingawa nalo lina mtego: mwanga ni nuru, na mwanga ni mchawi wa usiku, ambaye wingi wake ni wanga. Labda mtego huo unafaa, kwa mtaa ambao mtu akisimama nje saa nane za usiku akitazama juu atashukiwa kuwa mchawi. Neno “kaskazini” lenyewe tumelipata kwa mabaharia, kutoka kwenye upepo wa kaskazi ulioleta majahazi pwani. Waswahili walizipa pepo majina kwa sababu walisafiri nazo. Kiswahili changu mwenyewe sikukipata darasani kwanza. Nilikipata gatini, kwa mabaharia na wapagazi waliokuja na meli kutoka Mwanza na Kisumu. Lugha hukua kwa watu wanaokwenda na kurudi wakisimulia.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda na kifundishwe shuleni kwa lazima. Tutawafundisha watoto kwa Kiswahili gani? Kile cha sokoni na cha kambi za jeshi peke yake, ambacho watu wa hapa wamekiogopa kwa miaka? Mtoto wa Luzira akimwuliza mwalimu wake habari za mianga hiyo, nataka apate jibu kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu aliyeiona, aliyeganda vidole akiitazama. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Sisi tutaokota maneno.

Mwisho ni suala la wakati. Jua lina msimu wake wa kuchafuka unaojirudia kila miaka kumi na moja hivi. Oktoba 2024 wanasayansi wa NASA na NOAA walitangaza kwamba limefika kwenye kipindi cha kilele. Mianga haikomi Tromsø jua linapotulia, lakini sasa ndio wakati wake bora, na kilele kingine kitakapokuja baadhi yetu tutakuwa na watoto, mikopo na visingizio. Tumechagua mwezi wa Machi, maana kule usiku bado ni mrefu wa kutosha, na majira ya mchana na usiku kulingana ndipo mianga hupenda kuchangamka. Tunaweza kufika na kukuta mawingu siku zote nne. Hilo nalo tumelijadili. Aliyekwenda akakuta mawingu amejua zaidi ya aliyekaa akacheka.

Kwa wenzetu sita waliotoka: fedha zenu bado zimeandikwa daftarini kwa majina yenu, hatujazigusa. Jumamosi tunakutana saa kumi na moja jioni, kibanda kilekile. Njooni na elfu hamsini, au njooni bila kitu, mkae nasi. Na yule aliyesimama ukumbini na methali yake, naye aje. Chapati nitamnunulia mimi.